Hariri Iwashayo

Volasoa alizaliwa katika nyumba ya wafumaji, na kabla hajajua kutembea alikuwa ameshajua kujikuna. Pale kijijini Ambatosoa, upande wa mji wa Ambositra, hilo la kwanza halikuwa jambo la kuzungumzwa, maana karibu kila nyumba ya kijiji ina mtambo wa kufumia hariri umelazwa sakafuni. Hilo la pili ndilo lililowafungua watu midomo. Mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu, makavu, yanakwaruza kama ganda la muhogo, na kwenye makunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi ilikuwa mbichi, inatoa majimaji. Mama yake, Rasendra, alimfunga viganja kwa vitambaa laini ili asijichubue akilala. Wanawake waliokuja kumjulia hali mzazi walinong'ona kwamba huyu mama lazima alikula kitu cha mwiko akiwa na mimba.

"Nilikula wali," Rasendra akawaambia, wala hakunong'ona. "Nyie mmekula nini mpaka ndimi zinawawasha?"

Mtoto akakua na ugonjwa wake ukakua naye, ukija na kuondoka utakavyo. Kuna miezi ngozi ilitulia hadi mama mtu akadhani yameisha. Halafu unaingia msimu wa baridi, upepo mkavu unashuka mlimani, na Volasoa anarudi kujisugua mgongo kwenye mwimo wa mlango kama ng'ombe. Dada yake mkubwa, Haingo, alimtania kwa hilo. "Mama, ng'ombe wako yuko mlangoni tena, umletee nyasi." Volasoa alicheka, lakini hakuacha kujisugua.

Alipofika miaka saba alianza kukaa ubavuni mwa mama yake kwenye mtambo. Viwavi wa hariri ya kwetu hawafugwi na mtu. Wanajilea wenyewe kwenye miti ya tapia huko vilimani, na vifuko vyao vimejaa vinyweleo vidogo visivyoonekana ambavyo huchoma kama upupu. Msimu wa kupasua vifuko kila mfumaji huwashwa kidogo. Anajikuna, anapaka mafuta ya nguruwe, yanaisha, maisha yanaendelea. Kwa Volasoa hayakuwa yanaisha. Hata hivyo hakuna aliyeona haja ya kumtenga na kazi hiyo, na mwenyewe asingekubali kutengwa, kwa sababu aliipenda kupita kiasi. Aliipenda harufu ya vifuko vinavyochemka na majivu kwenye sufuria kubwa. Aliupenda ule upanga wa mbao unaogonga nyuzi, ti-ti, halafu kimya cha kupitisha uzi, halafu ti-ti tena. Na kulikuwa na siri moja aliyomwambia Haingo peke yake: akiwa anafuma, muwasho ulipotea. Mikono ikiwa na kazi ilisahau kabisa.

Alipofikisha miaka kumi na tisa, wanunuzi wa sanda za hariri kutoka vijiji vya mbali walikuwa wanaijua nguo yake bila kuuliza jina. Kingo zake zilinyooka kama zimekatwa kwa kisu. Rasendra hakuwa mtu wa kusifia wanawe mbele za watu, lakini siku moja alipapasa nguo ya Volasoa kwa muda mrefu kisha akasema, kama anajisemea, "Na mimi siku yangu ikifika, nivikwe ya huyu." Hakurudia tena maneno hayo. Hakukuwa na haja, maana Volasoa aliyasikia.

Akaolewa na Tovo, mkulima wa mpunga, mtu mpole mwenye miguu mikubwa ya kuchekesha, na wakapata binti, Mirana. Ni baada ya uzazi huo ngozi ilipofanya vita. Vidole vilipasuka kwenye kila kiungo. Asubuhi hakuweza kukunja ngumi. Shingo ikawa nene na nyeusi kama ya ng'ombe wa nira, na nyuma ya magoti kukatoka maji yanayogandisha sketi. Alikuwa na nguo mezani, au tuseme sakafuni, nguo nyeupe ya kumfunika marehemu wa watu wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Aliimaliza akiwa anauma meno. Wenye nguo walipokuja kuikunjua, wakakuta katikati, mahali ambapo macho hufika kwanza, madoa matatu ya damu, madogo kama mbegu za nyanya.

Wale watu hawakugomba. Mzee wao aliikunja nguo taratibu, akairudisha mikononi mwa Rasendra, akasema, "Mama, sisi hatuwezi kumpelekea babu yetu damu ya mtu aliye hai." Wakaondoka. Kijiji kizima kikajua kabla wali wa mchana haujaiva.

Volasoa alijifungia ndani siku mbili. Siku ya tatu alikwenda mnadani, akarudi na krimu ya kopo dogo aliyouziwa na mwanamke mmoja chini ya mwavuli. Akapaka jioni. Baada ya siku tatu ngozi ikawa laini kama ya mtoto. Alilia kwa furaha. Akarudi kwenye mtambo na kufuma miezi saba mfululizo, akipaka asubuhi, mchana na jioni, mikononi, shingoni, mpaka usoni. Tovo ndiye aliyeona kwanza.

"Mke wangu, mbona unapauka?"

"Napendeza, sema."

"Sijasema hupendezi. Nasema naona mishipa. Naona mpaka damu inavyopita, kama mtu anaangalia mjusi wa ukutani."

Ngozi ilikuwa imekonda kama ganda la kitunguu. Akiguswa na ukingo wa kapu, inachanika. Akaogopa, akaacha krimu kwa mara moja, na hapo ndipo alipoonja moto. Mwili mzima uliwaka. Ngozi ilibanduka vipande vipande, akatetemeka kwa baridi huku anaungua, na mikono ikaingia usaha. Tovo alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akamlaza mkewe juu ya majani ya mpunga, wakaenda mjini kwa mwendo wa nusu siku.

Daktari aliyempokea aliitwa Lanto, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimtibu usaha kwanza. Alipoona ametulia, akavuta kigoda, akamshika mikono yote miwili, bila glavu. Volasoa alishtuka, kwa kuwa ilikuwa miezi mingi hajashikwa mikono na mtu asiye wa nyumbani.

"Hii inaitwa pumu ya ngozi," alisema daktari. "Umezaliwa nayo. Hujalogwa, hujala mwiko, na haimwambukizi mtu. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nafuma hariri."

"Ya tapia?"

"Ya tapia."

Daktari Lanto akavua miwani, akaifuta kwa muda ambao haukuhitajika. "Sasa sikiliza, mama Mirana. Huu ugonjwa hauishi, ila unafugika. Nitakufundisha kuufuga. Lakini huwezi kuufuga huku unauchokoza. Vile vinyweleo vya vifuko ndivyo vinavyokuchoma kila siku. Ngozi ya wengine ina ukuta, ya kwako ina nyufa, vinaingia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hariri basi."

Volasoa alisikiliza yaliyofuata kama mtu anayesikiliza mvua. Aoge haraka, maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto hata kama moto unamstarehesha. Sabuni isiyo na manukato, kidogo tu, kwapani na penye haja. Asijifute kwa kusugua, ajiguseguse kwa kitambaa, na kabla ngozi haijakauka apake mafuta ya mgando, mengi, kama anayepaka kikaango. Dawa ya hospitali ni kwenye mabaka yaliyowaka tu, nyembamba, kwa siku alizoandikiwa, kisha aache. Kucha ziwe fupi. Avae pamba. Muwasho ukimzidi, asikune, abonyeze kwa kiganja au aweke kitambaa chenye maji baridi. Aliitikia kila kitu. Kichwani mwake kulikuwa na neno moja tu, basi.

Rasendra hakuelewa, au hakutaka kuelewa.

"Sisi wote tunawashwa," alisema, akiwa amekaa mbele ya mtambo wake, mgongo umenyooka. "Mimi nimewashwa miaka hamsini. Je, umeniona nikitupa upanga?"

"Mama, wewe unawashwa na vifuko. Mimi nawashwa na mimi mwenyewe."

"Ngozi huzoea."

"Yangu imekataa kuzoea. Tangu nilipozaliwa inakataa. Wewe ndiye ulinifunga mikono, umesahau?"

Mama mtu akagonga uzi mara mbili, halafu akaacha. "Basi mimi atanivika nani?"

Haingo, aliyekuwa pembeni anasokota uzi juu ya paja, akasema, "Mama, mimi nipo." Rasendra akasema anajua kwamba yupo. Lakini hakuna aliyefarijika kwa jibu hilo, hata Haingo mwenyewe.

Volasoa akaanza kukaanga vitumbua vya mchele kwenye njia panda. Ni kazi ya upawa na moto, haina vinyweleo, na aliamka mapema ili amalize kabla jua halijamtoa jasho, kwa sababu jasho nalo ni adui. Wiki za kwanza watu walinunua kwa macho tu. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe mkono, "Njoo huku, usimsogelee huyo." Bezara, jirani yao mwenye mdomo mkubwa, alisimama mbele ya kikaango akapaza sauti.

"Volasoa, hiyo mikono umeazima kwa kinyonga?"

"Ndiyo, na ameniambia nimrudishie ulimi wake, nimesikia unao wewe."

Watu wakaangua kicheko. Bezara akacheka kuliko wote, akanunua vitumbua sita, akala palepale wote wakimwona. Baada ya hapo na wengine wakaja. Aliyesema naye kwa upole na aliyemkimbia, wote aliwaambia maneno yaleyale ya daktari, haiambukizi, mpaka yakamtoka bila kufikiri.

Ngozi ikamtii, kwa kiasi chake. Akajifunza kuisoma. Akajua kwamba upepo wa mwezi wa saba unataka mafuta mara nne, kwamba blanketi la sufi ni la Tovo na si lake, kwamba akigombana na mtu viwiko huanza kuwasha. Vidole vikafunga nyufa. Mirana alipotaka kusukwa nywele, mama yake aliweza kumsuka. Kila mtu alimwambia, "Umepona!" naye alisema ndiyo, kwa kuwa kueleza kulimchosha.

Alichokuwa hasemi ni kwamba njia ya kwenda kisimani inapita nyuma ya nyumba ya mama yake. Ti-ti, inasikika kupitia dirishani. Kila siku alipunguza mwendo mahali hapo, ndoo kichwani, akahesabu mapigo, na aliweza kujua mama amefika kwenye ukingo au yuko katikati, uzi umekatika au umeshikana. Kuna siku alisikia mapigo ya mama yamekuwa mazito na yenye kuachana, akajua amezeeka. Aliingia, akasalimia, wakanywa maji yaliyochemshwa juu ya ukoko wa wali, wakaongea habari za mpunga. Hariri hawakuigusa.

Rasendra alifariki katika msimu wa mvua, kifua, siku tano tu. Haingo alikuwa safarini kusini kwa wakwe zake, mito imefurika, hakuweza kuvuka. Kwenye mtambo wa marehemu kulikuwa na nguo ya mtu mwingine, haijafika nusu. Kijijini hapakuwa na nyingine iliyokamilika, kwa hiyo ndugu walikwenda kijiji cha jirani, wakarudi na hariri ya kununua. Nyumba ya wafumaji ikazika kwa kazi ya mkono wa mgeni. Volasoa alisaidia kuifunga. Ilikuwa nguo nzuri, hana la kuilaumu, lakini ukingo wake ulikuwa unacheza kidogo upande wa kushoto, na jicho lake halikuweza kuuacha ukingo ule mpaka mlango wa jiwe wa kaburi la ukoo ulipofungwa.

Miaka minane baadaye ukoo ukakubaliana kwamba msimu wa baridi unaokuja watalifungua kaburi, wawatoe wazee waliozikwa humo, wawavike upya, wacheze nao na kuwarudisha, kama inavyostahili. Siku hiyohiyo Volasoa alikwenda kwa Haingo, aliyekuwa anakaa na kufuma katika nyumba ya marehemu mama yao.

"Nataka kumfumia mama."

Haingo aliweka chini ungo wa mchele. "Unataka kumvika mama au unataka kulala naye kulekule kaburini?"

"Dada, nisikilize."

"Nilikukuta mimi wakati ule umebanduka kama ndizi! Mimi ndiye niliyekulisha kwa kijiko. Sitaki tena."

"Tangu nilipoacha kufuma naisikia hii nyumba kila nikienda kisimani," Volasoa akasema. "Mikono yangu imepona, Haingo, na haina la kufanya. Afadhali iumie kidogo."

Haingo akaanza kupembua mchele upya, ingawa ulikuwa safi. "Kidogo," alisema. "Umesema kidogo."

Wakapanga. Nguo ya kumvika mzee huwa na vipande vitatu vinavyoshonwa pamoja. Haingo atafuma viwili vya pembeni, Volasoa kimoja cha katikati. Vifuko asivione kabisa. Haingo atavipasua kule bondeni, atavichemsha, atasokota, kisha uzi wenyewe ataufua mtoni mara saba na kuupiga juu ya jiwe. Volasoa alikwenda mjini kumweleza Daktari Lanto, akitegemea kukaripiwa. Daktari, ambaye sasa nywele zilikuwa zimemwia mvi, aliuliza tu, "Ni kwa ajili ya mama?" Halafu akamwambia afunge uzi kidogo mkononi siku mbili aone, avae mikono mirefu ya pamba, akae nusu saa tu, anawe, apake mafuta. "Na ukiwaka, uache. Usinifanyie ushujaa."

Uzi wa kwanza ulimwachia pete nyekundu mkononi. Haingo akaurudisha mtoni. Wa pili ukaacha alama hafifu. Wa tatu ukaacha ngozi ilivyokuwa.

Mwezi wa nne mvua zilipokoma, Volasoa akakaa mbele ya mtambo. Alidhani mikono itakuwa imesahau. Alipitisha uzi, akagonga, na pigo likatoka lilelile, ti-ti, Haingo aliyekuwa jikoni akaacha kukoroga. Nusu saa ikaisha kama kupepesa jicho. "Toka!" dada akapiga kelele. Akatoka, akanawa, akapaka. Kesho yake tena. Alikuwa akimaliza vitumbua anakimbia, kweli anakimbia, mwanamke wa miaka arobaini, na Bezara akamzomea, "Mchumba anakusubiri wapi?" Alikuwa na furaha iliyomfanya aone aibu. Mambo aliyokuwa hajamwambia mama yake aliyasema pale akiwa anafuma, kwa sauti ya chini, mpaka na yale ya ugomvi.

Wiki ya tano kiwiko cha kulia kikaanza. Akaficha. Siku ya pili na shingo. Siku ya tatu Haingo alimshika mkono, akapandisha lile shati la pamba, akaona mistari ya kucha.

"Acha."

"Imebaki kama mkono mmoja na nusu tu, dada. Kipande kitakuwa kifupi, vyako virefu."

"Acha, Volasoa."

Volasoa alibaki ameshika upanga wa mbao. Muwasho ulikuwa unapanda kama sisimizi chini ya ngozi, na alijua akigonga utanyamaza. Ndivyo ulivyokuwa ukimdanganya tangu utotoni, unanyamaza leo ili kesho uje na ukoo wake wote. Kisha akauweka upanga chini, akiwa analia bila sauti.

"Si kitu," alisema Haingo, akapiga magoti kando yake na kupima kipande kwa mkono. "Nitakata vyangu vilingane na chako. Mama mwenyewe alikuwa mfupi."

Walitazamana, wakacheka mpaka Tovo akaja kuchungulia dirishani.

Siku ya sherehe ukoo ulijaa uwanjani, filimbi na ngoma, wali na nyama ya nguruwe yenye mafuta. Walipotolewa wazee na kulazwa juu ya mikeka, Volasoa alipiga magoti upande wa kichwani mwa mama yake. Mama alikuwa mdogo kweli. Nguo ikamtosha, ikabaki na ya kukunja. Volasoa hakuvaa mikono mirefu siku hiyo. Aliubana ukingo wa kipande chake chini ya kidevu cha mama, akaukaza, akaulainisha kwa kiganja kitupu mara nyingi kuliko inavyohitajika, hadi shangazi mmoja akasema, "Mwache sasa mwanangu, acheze na wenzake." Wakamwinua mabegani, wakazunguka naye wakiimba. Jua lilipoanza kuinama wakamrudisha, na jiwe la mlango likafungwa juu ya kazi hiyo. Hakuna atakayeiona tena kwa miaka mingi.

Kiwiko kilichukua wiki sita kutulia. Volasoa alirudi kwenye vitumbua vyake. Hakuomba tena kufuma, wala Haingo hakumkaribisha, na wote wawili waliliogopa jambo hilo kama watu wanavyoogopa chakula kitamu kilichowahi kuwaumiza.

Mwaka uliofuata Mirana, ambaye ngozi yake haikuwahi kuwa na baka hata moja, alisema anataka kujifunza. Haingo alimweka kwenye mtambo, na Volasoa akaletewa mkeka karibu na mlango, penye hewa. Kutoka pale alimwelekeza kwa mdomo. Kaza. Usivute sana. Rudi nyuma mmoja, umeruka. Msichana alijitahidi, uzi ukamkatikia, akaunga, akaendelea. Alipogeuka kuuliza kitu, akamwona mama yake vidole vinakwenda juu ya mapaja, kimoja kinapita, kingine kinapokea.

"Mama, mbona mikono yako inacheza?"

Volasoa aliikunja haraka chini ya kanga. "Inawasha," alisema. "Wewe angalia mbele."

Lakini siku hiyo ngozi yake ilikuwa imetulia, wala hapakuwa na mahali popote panapowasha.